Sitini au Sitini na Tano

Cato Manor, Durban
Tarehe 11 Machi 2012

Mama yangu,

Nimekaa mlangoni juu ya ndoo niliyoigeuza, nakuandikia kabla mkwe wako Achille hajaamka. Ametoka zamu ya kulinda geti kule Morningside, na akiamka atataka chai na mazungumzo. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuwezi kusema kitu. Unaweka spika ili Élisabeth asikie, na mimi nikimsikia anapumua pale karibu, maneno yote ya watu wazima yananikimbia. Nabaki kuuliza umekula nini, umekula nini, mpaka vocha inakwisha.

Kwa hiyo nauliza hapa. Ni kweli?

Jana saluni kwetu mwenzangu Peguy alifungua redio ya nyumbani kwenye simu yake. Wakasema Kinshasa wanataka mwanamke asipewe pensheni akiwa na miaka sitini, angoje sitini na tano kama mwanaume. Nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi, nimefika katikati, vidole vikasimama. Mteja akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, mama, nywele zimekwisha, naenda kuchukua nyingine. Na pakiti ilikuwa hapo hapo mapajani mwangu.

Maana nimeshapanga, Mama. Juni ya mwaka ujao unatimiza sitini. Unatoka kwenye dirisha lako la tiketi, unapanda treni pale pale kwenye stesheni yako kama abiria wengine, Élisabeth umemshika mkono, mpaka Lubumbashi, halafu basi mpaka huku. Ulisema mwenyewe siku naondoka, nilipokuwa nalia kwenye ngazi za behewa: huyu mtoto atatoka mkononi mwangu na kuingia mkononi mwako, katikati hakuna mkono mwingine. Ndiyo maana nilimkatalia Marie-Claire alipotaka kumleta pamoja na vitenge vyake anavyouza. Na mimi kurudi siwezi, unajua. Nikivuka mpaka kuingia kwetu, watu wa ofisi watasema kumbe kwenu hakuna tatizo, na karatasi yangu ya ukimbizi imekufa hapo. Achille abaki huku, mimi nibaki kule.

Mwanangu alikuwa na miaka miwili nilipomwacha. Sasa ana sita. Hiyo sitini yako naweza kuingoja. Lakini ikiwa sitini na tano, nitapokea msichana wa miaka kumi na miwili anayeona haya nikimshika shavu.

Nimetundika pazia katikati ya chumba. Upande wenye dirisha ni wake. Achille ametengeneza kitanda kwa mbao za kubebea mizigo walizompa kazini, amezipiga msasa mpaka zimekuwa laini, hata mimi nimelala juu yake kujaribu.

Kama hiyo sheria inakuja, waambieni ianze na wasichana walioingia kazini juzi. Wewe umeshafika mlangoni. Ongea na hao wa syndicat, chama chenu cha wafanyakazi. Wewe ukiongea watu wanasikia.

Mtoto wako,
Sikujua


Kalemie
6 Mei 2012

Mwanangu Sikujua,

Barua imefika. Yule Pontien wa dagaa aliikunja ndani ya kiatu kwa kuogopa wezi wa njiani, kwa hiyo nimeisoma kwanza kwa pua. Nilikuwa dirishani, treni haijaja, nafasi nilikuwa nayo.

Hayo ya redio ni maneno yanayotoka Kinshasa, na wewe umekulia stesheni, unajua vitu vya mbali vinavyochelewa kufika hapa. Ndiyo, syndicat imetuita. Tulikaa wanawake huku, wanaume kule, kama kanisani. Athanase wa dirisha la pili akasimama akasema, wanawake wakiongezewa miaka mitano kazini, waume watapikiwa na nani? Nikamwambia, Athanase, wewe mkeo amekwenda kwao tangu mwaka juzi na bado unanenepa. Watu wakacheka, mwenyekiti akashindwa kuwanyamazisha, mkutano ukaishia hapo.

Sisi ni watu wadogo, tunasikiliza tu. Usikae kuhesabu miezi, inakausha mwili.

Élisabeth ameng'oka meno mawili ya mbele. Akitoka shule anakuja kukaa chini ya dirisha langu, juu ya magunia ya posta. Watu wakiinama kuniuliza, "Mama Matilda, treni iko wapi?", yeye anajibu kabla yangu: "Iko Kabalo, imelala." Mara nyingi anapatia. Juzi mzee mmoja alimpa ndizi kwa habari hiyo, akidhani ni karani.

Siku hizi anaogopa radi. Zamani hakuogopa. Ikipiga anakuja kunishika sikio, anasinzia amelishika hivyo hivyo.

Ananiita mama, umesikia kwenye simu. Wewe anakuita Mama Durban. Sikumfundisha mimi. Mtaa mzima unaniita Mama Matilda, naye ameokota hapo. Namsahihisha ninapokumbuka.

Msalimu Achille. Kula.

Mama yako,
Matilda


Cato Manor, Durban
Tarehe 19 Agosti 2012

Mama yangu,

Mama Durban nimeicheka sana. Halafu nikatoka kwenda kuanua nguo ambazo nilikuwa nimeshazianua.

Leo nina habari za kukupa nguvu. Mwenye nyumba wetu, Gogo MaKhuzwayo, anapokea pesa ya wazee ya serikali. Gogo huku ndiyo bibi. Yeye alianza kupewa siku alipofika sitini. Ndugu yake wa kiume alitakiwa angoje sitini na tano, basi akawa anakuja kula kwa dada yake na kulalamika, anakula na kulalamika. Wanaume walifika mpaka mahakamani. Na serikali ya huku ilifanya nini? Haikumpandisha mwanamke, Mama. Ilimshusha mwanaume, kidogo kidogo, mpaka wote wakawa sitini. Gogo anasema ndugu yake bado anakuja kula, ila siku hizi anakula kimya. Sasa kwa nini kwetu wasifanye vile? Waambie kwenye mkutano. Mwambie na huyo Athanase atoke mapema akajipikie.

Tulibishana sana saluni juu ya jambo hilo. Nina mteja mmoja, mwalimu wa chuo kule Westville, anapenda misuko midogo midogo, tunashinda naye kutwa. Alisema, haki ni haki, mkitaka kuwa sawa na wanaume chukueni na mizigo yao. Peguy alikuwa na kitana mdomoni, akakitoa taratibu. "Dada, mizigo tunayo tayari. Waambie wao watupokee mmoja." Mwalimu akacheka mpaka nikapoteza mstari. Lakini baadaye, wakati namchovya ncha kwenye maji ya moto, akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake alikuwa muuguzi, alitolewa kazini kwa umri wakati wanaume wa rika lake wanaendelea, na hakumaliza miaka miwili nyumbani. Kilichomuua ni kukaa, alisema. Sikumwelewa. Mtu anakufaje kwa kupumzika?

Karatasi za familia za Élisabeth nimezipata. Nilipanga foleni mpaka miguu ikavimba, lakini nimezipata, na nazituma pamoja na barua hii. Shule iko karibu, unavuka barabara moja tu kwenye robot, ndiyo taa za barabarani. Mwalimu mkuu amesema akija watampokea, atajifunza Kiingereza na Kizulu kwa kucheza na wenzake.

Nataka kumnunulia viatu. Msimamishe juu ya karatasi, zungusha kalamu kwenye mguu, unitumie. Wote tunaotuma viatu nyumbani tunanunua hivyo, tunaingia dukani na mguu wa karatasi, muuza duka ameshatuzoea.

Ukija utapumzika, Mama. Hakuna tena mtu wa kukupigia dirisha.

Mtoto wako,
Sikujua


Kalemie
25 Novemba 2012

Mwanangu Sikujua,

Mguu huu hapa. Umetoka mnene kuliko ulivyo kwa sababu alikuwa anacheka, kalamu inamtekenya. Ongeza kidole kimoja mbele, anakua.

Karatasi zake nimeziweka pamoja na Biblia. Na mimi, nikishamleta, umenipangia kukaa siku ngapi? Sikuulizi kwa ubaya.

Hapa kazini wameniletea msichana, Cathy, akae nyuma yangu ajifunze. Ana kucha ndefu, tiketi zinamponyoka. Watu wanampita wanakuja kwangu, hata kama mstari wangu unafika nje na wake hauna mtu. Yeye anaona, na mdomo unakuwa mrefu. Namhurumia kidogo. Nikimwachia kiti niende chooni, nikirudi nakuta ameshapandisha kile kiti, maana ni mfupi. Mimi nakishusha.

Mwezi wa kwanza syndicat watakusanya maoni ya wafanyakazi wayapeleke Kinshasa. Nitakwenda. Nisipokwenda Athanase ataongea peke yake.

Habari ya mama wa yule mwalimu nimeisoma mara mbili.

Élisabeth amejifunza kupiga mluzi kwenye pengo la meno. Stesheni nzima inalaani. Mimi namwacha.

Kula, Sikujua. Kwenye picha uliyotuma mifupa ya shingo inaonekana.

Mama yako,
Matilda


Cato Manor, Durban
Tarehe 17 Februari 2013

Mama,

Pontien amekuja. Aliingia saluni na fuko la dagaa begani, harufu ikatangulia, wateja wakashika pua. Mimi nikafurahi, nikajua barua iko. Hakuwa na barua. Alikuwa na habari. Akasimama katikati yetu akasema, "Sikujua, hukutuambia mama yako ni mbunge."

Nikasema mbunge wapi.

Akasimulia. Ukumbi umejaa, wanaume wananong'ona, na Mama Matilda amesimama na kitenge chake cha kanisani, akasema sitini na tano. Akasema wanawake tubaki kazini kama wanaume. Makofi. Hata Athanase alipiga makofi. Pontien alikuigiza, Mama, mpaka namna unavyoshika kiuno ukitaka mtu akae chini. Saluni yote ikacheka. Msichana wa Kizulu aliyekuwa anangoja zamu akauliza wanacheka nini, Peguy akamtafsiria, naye akasema, "Sharp, gogo," yaani safi, bibi.

Mimi nilikuwa nasuka. Kile kichwa nilikimaliza. Mistari yote ilinyooka, mteja alijitazama kwenye kioo akafurahi. Sijui ni nani aliyemsuka.

Nilikuandikia kwamba ukiongea watu wanasikia. Basi wamesikia.

Kama walikutisha, niambie. Kama Pontien ameongeza chumvi, niambie, wote tunamjua. Nitaamini chochote utakachoandika, lakini uandike. Maana nimekaa nikifikiri, nikaona kwamba tangu Machi ya mwaka jana mimi ninaomba mvua isinyeshe, na mama yangu yuko upande wa pili wa nyumba anaiita.

Viatu nimeshanunua. Ni vya bluu.

Sikujua


Kalemie
14 Aprili 2013

Mwanangu Sikujua,

Pontien hakuongeza chumvi. Aliacha nyingine njiani.

Nilisema hivi. Athanase na mimi tumezaliwa mwaka mmoja, tumeingia kazini mwaka mmoja, tunakaa madirisha yanayopakana. Mwezi wa sita mimi nitapewa kitenge, soda na hotuba, yeye atabaki amekaa. Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka. Walikaa mahali wakaamua kwamba mwili wa mwanamke unachoka kwanza, na huo mwili ni wangu, ninakaa ndani yake mimi. Nikasema: aliyechoka aende akiwa na sitini, asizuiwe. Asiyechoka asifukuzwe. Hayo ya mwisho Pontien hakuyasikia kwa sababu makofi yalishaanza kwenye sitini na tano, na katibu naye hakuyasikia. Kwenye karatasi iliyokwenda Kinshasa wameandika sitini na tano tu, kwa wote. Wale mama wanaofua mashuka ya nyumba ya wageni ya stesheni, ambao migongo yao imekwisha, walinitazama vibaya wakati wa kutoka. Walikuwa na haki ya kunitazama hivyo. Nilikwenda kwa katibu kumwambia asahihishe, akasema mama, gari limeshaondoka.

Hiyo ni ya ukumbini. Sasa ya nyumbani.

Umenipangia treni, umenipangia basi, umenionyesha pazia na kitanda cha mtoto. Nilikuuliza umenipangia siku ngapi, hukujibu. Basi sehemu iliyobaki nimeipanga mwenyewe. Namkabidhi mtoto. Nakaa kwako wiki chache, zaidi hairuhusiwi kwa karatasi yangu, na watu wa pensheni nao wanataka kumwona mtu kwa macho kabla ya kumlipa. Narudi. Nashuka stesheni, na dirishani yuko Cathy. Nafungua nyumba. Hakuna wa kuniuliza treni iko wapi, na radi ikipiga hakuna wa kunishika sikio. Ukaandika kwamba nitapumzika. Mimi nilikuwa nasoma neno hilo kama mtu anayesomewa hukumu.

Nikafikiri, wakinipa miaka mitano tu, nitakuwa na dirisha na nitakuwa na mtoto. Ndipo nikasimama. Haki niliyoitetea ni haki kweli, mpaka leo sijabadilisha neno. Lakini si haki peke yake iliyonisimamisha, na hiyo hukustahili kuisikia saluni kwa mdomo wa Pontien.

Sikukuambia kwa sababu kila barua yako ilikuja na furaha, na mimi sikuona pa kuiweka habari hii katikati yake.

Ukikasirika, kasirika. Lakini kula.

Mama yako,
Matilda


Cato Manor, Durban
Tarehe 9 Juni 2013

Mama yangu,

Nilikasirika. Nilikula hivyo hivyo, kama ulivyosema. Nilipika ugali kwa hasira mpaka Achille akauliza ni nani aliyekufa.

Umeona kwenye simu nilikuwa naomba kuongea na Élisabeth peke yake. Ananipigia mluzi, na mimi nampigia, tunamaliza vocha hivyo, hakuna anayelazimika kusema kitu.

Siku moja nilimweleza Gogo MaKhuzwayo. Nilitaka awe upande wangu. Alikuwa anachambua mboga, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kiingereza chake na changu, "Na ukishamchukua huyo mtoto, mama yako atabaki na nani?" Nikasema atabaki na pensheni yake. Gogo aliacha mboga. Akanitazama, akasema, "Eish, mtoto."

Nilirudi ndani na maneno yangu mwenyewe yananifuata.

Nikatoa barua yako ya Novemba. Lile swali la siku ngapi liko pale, kati ya mguu na Cathy. Siku ile nililiruka kwa sababu nilikuwa natafuta mguu. Mama, katika mipango yangu yote nimekuona unakuja. Sijakuona hata mara moja unarudi. Nilikuwa nakuona unashuka kwenye basi na mtoto, halafu picha inaishia hapo, kama wewe ndiye basi.

Redio inasema ile sheria imewekwa kando, wameahirisha, haijulikani mpaka lini. Kwa hiyo nimeshinda. Mwisho wa mwezi huu unatoka dirishani. Nilingoja habari hii mwaka mzima, na Peguy aliponiambia niliona kama nimemwibia mtu sokoni.

Basi sikia. Mimi si Kinshasa, lakini huyu mtoto ni wangu, na juu yake sheria naipitisha mimi. Dirisha wamekunyang'anya, sikuweza kuwazuia, na kusema kweli niliwaombea. Mtoto sikunyang'anyi. Kaa naye mpaka ufike hiyo sitini na tano uliyoitaka. Atakuja akiwa na kumi na miwili. Akiona haya nikimshika shavu, nitamshika mkono. Akiona haya na mkono, nitambebea begi.

Usidhani nimeandika kwa hasira, hasira imekwisha. Tazama mwandiko, umetulia, hata mwalimu wangu wa darasa la nne angenisifu. Achille nimemwambia. Alitoka akasimama karibu na tangi la maji, aliporudi akasema sawa. Pazia nimelitoa. Chumba kimekuwa kikubwa, hatujakizoea. Viatu nimempa mjukuu wa Gogo, maana vingemngoja Élisabeth mpaka vimkatae.

Nitamjua kwa simu. Huku wengi wanawajua watoto wao kwa simu, saluni yetu peke yake tuko wanne, tunasaidiana siku za kuzaliwa.

Pontien anaondoka kesho. Nimemwapisha akupe mkononi na asisimulie.

Mtoto wako,
Sikujua


Lubumbashi
7 Julai 2013

Mwanangu Sikujua,

Usishtuke kuona Lubumbashi juu ya barua. Tuko kwa binamu yangu, Élisabeth na mimi. Tumefika jana. Treni ililala njiani kama kawaida yake, na mara hii nilikuwa ndani, watu wakawa wanauliza tuko wapi na mimi sijui, nikasikia aibu ya kazi.

Ningekupigia simu lakini mtoto yuko hapa, masikio yamesimama. Marie-Claire anapanda basi la kesho, atakupa barua hii. Sisi tutapanda la Alhamisi.

Nilitoka dirishani siku yenyewe. Kitenge walinipa, na soda. Athanase alilia, mimi sikulia. Nilimkabidhi Cathy ufunguo, nikazunguka upande wa abiria, nikapanga mstari, nikanunua kwake tiketi mbili. Kucha amekata. Aliniuliza jina kama mtu asiyenijua, na ndivyo inavyotakiwa, kila abiria aulizwe. Nilijivunia yule msichana mpaka nikasahau kuchukua chenji.

Sikukuarifu kwamba tunakuja kwa sababu sikuwa na hakika kama ningefika. Nilijipa ruhusa ya kushuka kituo chochote na kugeuka naye. Kabongo nilishuka kweli, nikasimama na mzigo mkononi. Nikapanda tena.

Hapa stesheni nikamkuta Pontien anangoja kupanda treni ile ile tuliyoshuka. Alinipa barua yako, midomo ameibana, hakutoa hata salamu. Nilidhani kuna msiba.

Nimeisoma sheria yako. Nilianza nimesimama, nikamaliza nimekaa juu ya mzigo. Treni ilikuwa mbele yangu na ingerudi Kalemie baada ya kupakia. Kila kitu nilichokitamani kilikuwa mkononi mwangu, kimeandikwa na wewe na kutiwa sahihi, na mwandiko kweli umetulia. Hakukuwa na mtu wa kunizuia.

Élisabeth akauliza karatasi inasema nini. Nikamwambia, mama yako anakusalimu. Akasema, Mama Durban? Nikasema, hapana. Mama yako. Mimi ni bibi yako. Alicheka, akadhani ni mchezo, na mimi nikauacha uwe mchezo. Tangu jana tunaucheza. Akikosea ananiletea maji. Jana nilikunywa maji mengi sana. Leo nimekunywa kikombe kimoja.

Hiyo mitano yako siipokei, Sikujua. Usifikiri ni wema. Ukumbini nilikuwa nadai miaka iliyo yangu, kutoka kwa watu walioichukua bila kuniuliza. Hii unayonipa si yangu. Ni yako, na nusu yake ni ya huyu anayenitekenya mguuni ninapoandika. Nikiichukua, nitakuwa nimefanya kile kile walichonifanyia, nimeamua juu ya mwili wa mwanamke mwingine ni lini atosheke. Wakituita tena syndicat, hata kama mimi halitanifaa kitu, nitakwenda kusimama mlangoni mpaka katibu aandike yote, na wale mama wa mashuka wakiwepo.

Kama nitarudi Kalemie haraka au nitachelewa, tutazungumza nikiwa nimevua viatu. Usinitafutie kiti cha kukalia. Mwulize huyo Gogo MaKhuzwayo kama anajua kazi ya mtu anayejua kuongea na watu wanaongoja.

Basi litaingia Durban Jumapili asubuhi, likipenda. Njoo peke yako, Achille abaki nyumbani, mtoto hamjui na yeye ni mrefu. Nitamwacha Élisabeth ashuke wa kwanza. Usimkimbilie. Simama mahali ambapo atakuona mwili wote, mpaka miguu. Akisogea kidogo akasita, usimwite, ngoja. Na akigeuka kunitafuta, mimi nitakuwa nimeinama kwenye mizigo, na nitachelewa kuinuka.

Bibi yake,
Matilda